Tatizo si dubwana kuonekana kidogo

Kila sizoni inayochipuka kutoka kwenye muvi za madubwana hupokewa na lawama ileile: dubwana lenyewe halionekani. Monarch: Legacy of Monsters, sizoni iliyotokana na muvi za Godzilla, ilipoanza kuonyeshwa Apple TV+ Novemba 2023, watu waliingia wakitarajia dubwana hilo livunje majengo kuanzia episodi ya kwanza hadi ya 10. Wakakuta dada mmoja wa San Francisco anavutana na kaka asiyemjua kuhusu baba yao aliyepotea. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenitia mapenzi ya muvi hizi, alitazama episodi mbili akanipigia simu: "Mpwa wangu, hii ni tamthilia ya mirathi." Alikuwa amekasirika kwelikweli. Mimi nimeitazama yote na naitetea, na nataka kueleza kwa nini.

Hasira ya mjomba naijua inakotoka. Kuna wakati nilikaa kwenye kompyuta ya duka moja la kuwekea watu muvi kwenye flashi, Ngamiani, Tanga. Mteja hakuulizi mwongozaji ni nani. Anakuuliza steringi ni nani, ni ya mapigano au ya mapenzi, imetafsiriwa au iko Kizungu. Ukimpa muvi inayochelewa kuchanganya, kesho asubuhi yuko mlangoni na flashi yake mkononi. Sisi ni watoto wa mabanda umiza, yale ya kuonyeshea video mtaani, tumekulia kwenye mabenchi yale, sauti ya mtafsiri ikiwa juu ya sauti ya muvi, na mtafsiri hodari haachi kimya kipite. Wakenya wanalijua hilo kwa mtafsiri wao DJ Afro, anavyokusimulia pambano zima kama vile yumo ndani. Ukizoea hivyo, maongezi ya dakika tano mezani unayaona ni wizi wa muda.

Lakini wateja walewale walinifunza jambo jingine. Godzilla ya 2014, iliyoongozwa na Gareth Edwards, ilisemwa vibaya sana pale kaunta. Muvi ina zaidi ya saa mbili na Godzilla mwenyewe anaonekana dakika kama 8 hivi. Walilalamika, halafu wakiwa wamesimama wanasubiri faili nyingine iishe kunakiliwa, wanaanza kusimuliana muvi ileile waliyoiponda. Na wanachosimulia si pambano la mwisho. Wanasimulia wale wanajeshi wanaojirusha kutoka kwenye ndege juu ya mji uliogubikwa na moshi, miguuni wamefunga vitu vinavyotoa moshi mwekundu, kwaya inalia, na kupitia miwani ya askari mmoja unamwona Godzilla ubavu tu, unapita kwenye vumbi. Kuna kijana mmoja alikuwa akifika hapo anashusha kiganja chake polepole hewani kuonyesha wanavyoanguka, na wenzake wote wananyamaza kumtazama. Hilo ndilo lililobaki vichwani mwao, na dubwana hapo halionekani zima.

Ukirudi kwenye shina lenyewe utakuta hali ni hiyohiyo. Godzilla wa kwanza alitolewa na Toho, kampuni ya muvi ya Japani, tarehe 3 Novemba 1954, akiongozwa na Ishirō Honda, miaka tisa tu baada ya Hiroshima na Nagasaki. Mwezi Machi mwaka huohuo, chombo cha wavuvi wa jodari kiitwacho Daigo Fukuryū Maru kilinyeshewa majivu ya bomu la haidrojeni ambalo Marekani ililipua kwenye visiwa vya Bikini, bahari ya Pasifiki. Dubwana lilikuwa mwanamume aitwaye Haruo Nakajima ndani ya vazi zito la mpira, anakanyaga nyumba za kuchezea. Leo mtoto wa darasa la tatu atakwambia lile ni vazi. Ila kuna mama mmoja amekaa chini kando ya jengo, Tokyo inaungua, amewakumbatia wanawe anawaambia kwamba punde tu watakuwa na baba yao. Mara ya kwanza kuiona sehemu ile nilisimamisha muvi. Watazamaji wa Kijapani waliokuwa ukumbini mwaka ule hawakuhitaji kuelezwa baba yule yuko wapi.

Hasara ile ina mwenyewe, mama yule na wanawe. Hicho ndicho ninachokitafuta kwenye muvi ya dubwana, na ndicho ninachokitafuta hata zaidi kwenye sizoni iliyozaliwa nayo, maana sizoni haina fedha za kuonyesha dubwana kila dakika, na hata ingekuwa nazo, baada ya saa tatu za majengo kuanguka jicho linachoka.

Tamaa ya kuendeleza kilichouza si ya leo, na mimi sioni kosa ndani yake. King Kong, lile sokwe kubwa, alitoka Machi 1933 na kabla mwaka haujaisha Son of Kong alikuwa tayari kwenye kumbi. Godzilla alirudi 1955, na 1962 akapambanishwa na Kong. Kwa hiyo mtu akiniambia Monarch ni mabaki ya muvi, namjibu kwamba mabaki haya yana umri kumzidi babu yake.

Sasa Monarch yenyewe. Kwenye muvi ya 2014 kuna sehemu ya daraja la Golden Gate: basi la shule limejaa watoto, Godzilla anatokea, daraja linakatika, na basi alimo mtoto wa steringi linaponea chupuchupu. Tukashangilia, muvi ikaendelea. Waandishi wa Monarch wakarudi kwenye daraja lilelile wakauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza: je, mabasi mengine? Cate Randa, anayeigizwa na Anna Sawai, ni mwalimu aliyekuwa kwenye mojawapo ya mabasi hayo na wanafunzi wake, na si wote waliotoka wazima. Mwaka mmoja baadaye anafika Tokyo kushughulikia mambo ya baba yake, na mji aliofika una mitambo ya makombora iliyotegwa kumsubiri Godzilla. Anapovuta pumzi kwa shida mahali penye watu wengi, huhitaji dubwana litokee. Unajua analiona.

Hiyo ndiyo kazi ya sizoni, kuingia mahali ambapo muvi ilipita mbio. Ndiyo maana "tamthilia ya mirathi" ya mjomba mimi naiona ni sifa. Hiroshi Randa, baba yake Cate, alikuwa na mke na binti Marekani, na mke na mtoto wa kiume, Kentaro, Japani, na pande mbili hazikujuana. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye msiba wa Kiswahili akaona mama mgeni anaingia na watoto wanaofanana na marehemu anaelewa uzito wa ile siku Cate anapofungua mlango wa fleti ya baba yake akamkuta Kentaro na mama yake. Sizoni ya Kimarekani kuhusu madubwana imeniletea jambo ninalolijua kutoka barazani kwetu. Ningewezaje kuidharau?

Halafu kuna Lee Shaw. Akiwa mwanajeshi kijana miaka ya 1950 anaigizwa na Wyatt Russell, na akiwa mzee 2015 anaigizwa na Kurt Russell, baba yake mzazi. Angalia wanavyosimama wote wawili, bega moja limelegea kidogo, na wanavyotabasamu kabla ya kusema uongo. Vipodozi havileti kitu kile. Wengi walidakia kwamba hesabu ya umri haiingii, mzee yule angepaswa kuwa na miaka kama 90, mbona anakimbia? Wenye subira walipata jibu ndani ya hadithi yenyewe, na jibu lile ndilo linalobeba uchungu wa episodi za mwisho. Silitaji hapa, kwa heshima ya ambaye hajafika.

Kuna lawama nazikubali. Kisa cha May, msichana anayefuatana na akina Cate, na kampuni aliyoitoroka kinarefushwa bila faida, na kuna episodi za katikati watu wanazunguka tu. Lakini kilichonichosha hapo ni watu wasio na cha kupoteza, na dubwana lingeongezwa dakika kumi uchovu ungebaki palepale.

Mfano wa sizoni iliyojiua kwa kusikiliza kelele za namna hii ni Fear the Walking Dead, ya mazombi, iliyochipuka kutoka The Walking Dead. Ilianza 2015 ikiwa na wazo lake safi: Los Angeles, siku za mwanzo kabisa, kabla watu hawajajua kuwa maiti wanaamka. Nick, kijana mwenye uraibu wa heroini, anaona mambo ya kutisha kanisani na hakuna anayemwamini, maana nani anamwamini mlevi wa unga? Madison, mama yake, ni mshauri wa wanafunzi shuleni. Wateja walinirudishia ile sizoni wakisema mazombi wachache. Mimi niliipenda kwa sababu hiyohiyo, na msimu wa tatu, ule wa shamba mpakani mwa Mexico, naona ni kati ya kazi bora za mazombi zilizowahi kwenda kwenye televisheni. Kisha 2018 waongozaji wa hadithi wakabadilishwa, Morgan akahamishwa kutoka sizoni mama, Nick akauawa katika episodi ya tatu ya msimu wa nne, na Madison akaondolewa kwa namna ambayo baadaye waliifuta wenyewe kwa kumrudisha. Ikaendelea hadi 2023, misimu minane. Mazombi hawakupungua. Familia tuliyoianza nayo ndiyo iliyotoweka, na pamoja nayo sababu ya kutazama.

Kwenye muvi za mapigano watu husema "imeigwa" kama vile wametoa hukumu ya mwisho. Die Hard ilitoka 1988, mtu mmoja ndani ya jengo na majambazi, na kwa miaka kumi iliyofuata Hollywood ikawa inabadilisha jengo tu. Steven Seagal akawa mpishi kwenye meli ya kivita katika Under Siege, 1992. Mwaka 1994 ikaja Speed, ndani ya basi, na aliyeiongoza, Jan de Bont, ndiye aliyekuwa mpigapicha mkuu wa Die Hard. Speed ni muvi nzuri mno, na kuiga kwake hakuipunguzii kitu.

Chukua The Raid ya Indonesia, 2011. Jengo moja, polisi wanapanda, majambazi wamejaa kila ghorofa. Hakuna kipya. Ila Rama, mmoja wa polisi hao, anayeigizwa na Iko Uwais, tumemwona alfajiri akiswali na akimuaga mkewe mjamzito. Baadaye anajificha nyuma ya ukuta wa mbao kwenye chumba cha mpangaji ambaye mkewe ni mgonjwa, na jambazi anaanza kuchoma ukuta kwa panga, hapa, pale, hapa. Ncha inapita na kumchana Rama shavuni. Hatoi sauti. Panga linapovutwa kurudi, analifuta damu kwa kiganja chake ili jambazi asione kitu kwenye chuma. Hakuna teke hata moja pale, na nimeona watu wazima wameshika midomo.

Ninachokikataa ni kuiga jina ili kumchanganya mnunuzi. Kampuni ya The Asylum ya Marekani imejenga biashara nzima juu ya hilo: Transmorphers ikatoka 2007, mwaka wa Transformers, Atlantic Rim ikatoka 2013, mwaka wa Pacific Rim. Mwaka 2012 walitaka kutoa Age of the Hobbits karibu na muvi ya kwanza ya The Hobbit, Warner Bros. wakaenda mahakamani, na mahakama ikawazuia kutumia jina lile. Nafurahi walizuiwa. Mtu wa kipato kidogo aliyetenga jioni yake na hela yake ya bando anastahili kupata alichokiomba.

Mwezi uleule Monarch ilipoanza, Toho nao walitoa Godzilla Minus One, tarehe 3 Novemba 2023, siku ileile ya mwaka aliyozaliwa Godzilla. Takashi Yamazaki aliandika, akaongoza na akasimamia picha za kompyuta mwenyewe, na mwaka uliofuata wakachukua Oscar ya madoido ya picha kwa fedha ambazo yeye amesema hazikufika dola milioni 15. Steringi wake, Shikishima, ni rubani aliyetumwa kufa vitani akarudi hai, na jirani yake aliyepoteza watoto anamtukana kwa kurudi. Mjomba aliitazama yote bila kunipigia simu katikati.

Kwa hiyo kwa anayetaka kuanza: tazama ya 2014 kwanza, kisha Monarch, na usiikimbie kabla ya episodi ya tatu. Minus One ina hadithi yake peke yake, itazame wakati wowote. Fear ishia msimu wa tatu. Mjomba nimeshamwambia arudi kwa akina Randa, na sasa yuko episodi ya sita, anabishana nami kila jioni kama Hiroshi alistahili kusamehewa.