Nilivyopanda Mombo hadi Lushoto kwa baiskeli ya resi bila kushuka kusukuma

Mimi ni mtu wa Tanga mjini na anayeijua Tanga anajua hakuna kilima cha maana pale, unaweza kuendesha mwaka mzima miguu isijue kupanda ni nini. Kwa hiyo niliposema nataka kupanda Mombo mpaka Lushoto kwa baiskeli ya resi, nikiwa juu ya siti muda wote, wenzangu ninaoendesha nao wakaniambia Soni, ule mji mdogo wa njiani, nitafika nimebebwa na gari la Noah. Nimepanda, nimefika, na nikaendelea mpaka Mlalo. Naandika hapa nilivyofanya maana najua watu wa pwani wengi wanaitamani ile barabara ila wanaiogopa.

Kitu cha kwanza ni gia, na hapa nitakaa kidogo maana ndo penye kazi yenyewe. Baiskeli nyingi za mtumba za resi zinakuja na mbele meno 53 kwa 39, nyuma ile gia kubwa kabisa ina meno 25 au 28, hizo ni za mtu anayekimbia tambarare. Mombo iko kama mita 400 na kitu kutoka usawa wa bahari, Lushoto mjini ni kama mita 1,400, yani unainuka karibu kilomita nzima kwenda juu ndani ya kilomita 33 hivi. Ukigawanya unapata kama asilimia 3, inasikika ndogo, lakini barabara haijagawanywa sawa, sehemu kubwa ya kupanda iko kabla ya Soni na kuna kona ambazo ukizikata kwa ndani unahisi baiskeli imesimama wima. Fundi wangu akanifungia mbele 50 kwa 34, nyuma mpaka meno 34, cheni ikaongezwa pingili, na kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni tukaweka chenye mkono mrefu maana kifupi hakiwezi kuvuta gia kubwa hivyo. Sasa ukiwa 34 kwa 34, mzunguko mmoja wa pedeli ni mzunguko mmoja wa tairi. Mwendo ni mdogo, kilomita 8 au 9 kwa saa, ila magoti yanapumua.

Mazoezi nilifanya barabara ya Muheza msimu wa kusi. Upepo ukiwa unakupiga usoni unaweka gia nzito, unakaa kwenye siti, unakanyaga polepole bila kuinuka, dakika ishirini, unapumzika, unarudia. Kwa mtu asiye na mlima upepo ndo mlima wake, na kwa kweli ulinisaidia kuliko kitu kingine chochote.

Nililala Mombo ili nianze kabla jua halijatoka. Hili msilichukulie poa, Mombo ni joto la bondeni, mashamba ya mkonge yamezunguka, saa nne asubuhi lami inachemka. Nilianza saa kumi na mbili kasoro, taa mbele na nyuma, koti la kuakisi mwanga, chupa mbili za maji moja nimetia chumvi kidogo na sukari na ndimu, mfukoni tende na ndizi. Barabara ni nyembamba, upande mmoja ukuta wa mwamba upande wa pili korongo, na Fuso za kabichi na karoti zinashuka. Kwenye kila kona ya kufunga nilipiga kengele na nikabaki kushoto kwangu, ila sio pembeni kabisa, maana ukijibana sana pembeni dereva anaona kuna nafasi ya kukupita wakati haipo. Baada ya mvua mawe yanadondoka kutoka juu, kwa hiyo masika nisingeenda.

Sasa spidi nilipimaje? Saa ya mapigo ya moyo sina. Wasambaa wanasalimia kila anayepita, mama ana mzigo wa kuni kichwani anakusalimia, mtoto wa shule anakusalimia, na mimi nikajiwekea sheria kwamba lazima nijibu salamu nzima, onga maundo, na za nyumbani, na nimalize sentensi bila kukata pumzi. Nikiona jibu linatoka nusu napunguza mwendo palepale. Karibu na Soni kulikuwa na mzee amekaa kwenye jiwe, akaniuliza, "Mwanangu, watoka wapi na hiki kibaiskeli chembamba?" nikamwambia Tanga, akasema haya panda taratibu mlima hauhami. Nilimwambia shikamoo na asante na kwaheri baba, yote nikiwa nakanyaga, nikajua hapo niko sawa.

Soni nilisimama kwenye maporomoko, chai ya tangawizi na chapati, dakika ishirini tu miguu isije ikapoa. Vuga haiko mbali na hapo, na mtu anayependa historia asipite bila kujua anapita wapi. Vuga ndo ilikuwa makao ya Wakilindi, ukoo wa Mbegha yule mwindaji wa kutoka Nguu ambaye simulizi zinasema aliwagawia watu nyama, akaua simba, wakampa utawala. Mmoja wa ukoo huo, Kimweri ye Nyumbai, alitawala mpaka karibu na pwani yetu, na Krapf, yule mmisionari wa kamusi ya Kiswahili, alimfuata Vuga mwaka 1848, milima hii hii, hakuna lami hakuna gia. Mimi nilifikiria hilo kila kona.

Soni hadi Lushoto ni barabara ya tabia nyingine, unapanda kidogo unapumzika kidogo, mto pembeni, bustani za mboga, hewa ya baridi. Nikaingia mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, nikiwa bado juu ya siti, na nilipiga kelele peke yangu pale stendi sijali nani ananiangalia.

Kesho yake nikaenda Irente kwanza. Unasimama ukingoni unaona chini kabisa Mazinde, na hapo ndo nilielewa kitu nilichokuwa nakisoma bila kukiona. Semboja, mtoto wa Kimweri, alikaa kule chini Mazinde kwenye njia ya misafara, akapata biashara na bunduki, wakati Vuga huku juu inabaki na heshima bila nguvu. Ukiwa umepanda mwenyewe kwa miguu yako unajua umbali kati ya juu na chini sio wa ramani.

Halafu Magamba, hapo ni msitu, ukungu, baridi ya kweli, bebeni jaketi. Kwenda Mlalo tairi nyembamba za milimita 23 ziacheni nyumbani, mimi niliweka 32 na upepo kidogo, maana nilikutana na vumbi na mawe. Mlalo inastahili, nyumba za udongo za ghorofa zenye roshani za mbao zimepangana kwenye kilima, na misheni ya Kilutheri ya tangu 1891.

Kushuka ndo kunahitaji akili kuliko kupanda. Breki zangu ni za kubana rimu, ukizishika moja kwa moja kutoka Soni mpaka Mombo rimu inapata moto na tyubu inaweza kupasuka, kwa hiyo unabana kwa nguvu kabla ya kona, unaachia ndani ya kona, mbele na nyuma kwa kupokezana, mikono iko chini kwenye usukani. Nilisimama njiani mara kadhaa rimu zipoe, na Fuso likiwa mbele sikulipita hata likienda polepole. Shukeni ukungu ukiwa umeondoka, saa tatu hivi.

Mombo mabasi ya Tanga yanabeba baiskeli kwenye buti, ongea na konda bei kabla hajaipakia, toa tairi la mbele, na upande wenye gia uangalie juu.