Antena ya ndani, taa ya barazani na kumbikumbi

Mwenye nyumba wetu hapa Tabata ana sharti moja ambalo halimo kwenye mkataba lakini linazidi yote yaliyomo: hakuna mtu kupanda juu ya bati lake. Mpangaji aliyenitangulia alipanda kufunga antena, akaacha tundu, na masika yakamalizia kazi kwenye dari. Kwa hiyo mimi ni mtu wa antena ya ndani, nitake nisitake.

Kwa miaka miwili sikujali. Habari nasoma kwenye simu, na king'amuzi kilikuwa kinakaa kabatini pamoja na pasi mbovu. Kisha mama akaja kutoka Muheza, mkoani Tanga, kwa ajili ya kliniki ya mgongo, akae mwezi mmoja na nusu. Mama anaweza kukosa chakula cha usiku. Taarifa ya habari ya saa mbili hakosi. Siku ya kwanza aliuliza kwa upole, "Mwanangu, hii TV yenu ni pambo?"

Nikatoa king'amuzi, nikachomeka antena ndogo ya mezani, ile yenye kibati cha duara na vijiti viwili, nikaiweka nyuma ya TV kwa sababu ndipo waya ulipofika. Nikatafuta chaneli. Sifuri. Nikazungusha vijiti. Sifuri. Mama akanishauri niweke mfuniko wa sufuria kama tulivyokuwa tukifanya nyumbani zamani, mtu mmoja nje akishika mlingoti na wengine ndani wakipiga kelele, "Hapo hapo! Usitoke!"

Zama zile zilikuwa na huruma. Mawimbi yakipungua ulipata chenga, lakini ndani ya chenga mtangazaji ulimwona na sauti uliisikia. Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, na tangu hapo mambo ni mawili: picha safi kabisa, au hakuna kitu. Katikati kuna kipande chembamba sana ambapo picha inaganda, uso wa mtangazaji unakatika vibokisi, sauti inakohoa, halafu giza. Ndiyo maana kuzungusha antena kwa kubahatisha hakusaidii. Unaweza kuwa umekaribia sana na skrini isikuambie lolote.

Kinachosema ni king'amuzi chenyewe. Kwenye menyu, sehemu ya kutafuta chaneli kwa mkono, kuna mistari miwili: nguvu ya mawimbi na ubora wa mawimbi. Mwanzoni niliangalia wa kwanza tu, na kosa hilo lilinigharimu wiki mbili na pesa ya busta, kile kifaa cha kuongeza nguvu ya mawimbi, kama nitakavyoeleza. Usitumie ule utafutaji wa otomatiki kila unaposogeza antena. Unachukua dakika kadhaa na mara nyingine unafuta hata chaneli ulizokuwa nazo. Chagua masafa moja, acha mistari ibaki kwenye skrini, halafu ndiyo usogeze.

Nguvu ilikuwa 30, ubora 0. Nikaanza na waya. Fundi fulani aliwahi kuniunganishia kipande cha kurefusha, nikafungua kichwa chake, kile cha kuzungusha. Ndani, katikati, kuna uzi mmoja wa shaba; unazungukwa na plastiki nyeupe, kisha wavu wa nyuzi laini kama nywele. Unywele mmoja wa ule wavu ulikuwa umejikunja ukagusa uzi wa katikati. Mmoja tu, lazima uwashe tochi ya simu ndipo uuone. Hapo mawimbi yanaishia njiani, hayafiki kwenye king'amuzi. Shaba nayo ilikuwa imeota ukijani, maana hewa ya huku inakula kila chuma. Nikakata sentimita mbili, nikamenya upya kwa wembe, nikafunga vizuri.

Jambo la pili lilinifanya nijicheke. Antena yangu ina kikuza mawimbi kidogo ndani yake, nacho kinahitaji umeme wa volti 5 unaopandia kwenye waya huo huo kutoka kwenye king'amuzi. Kwenye menyu, umeme wa antena ulikuwa umezimwa. Kikuza mawimbi kisicho na umeme hakikai pembeni tu, kinaziba njia. Nikawasha. Nguvu 62, ubora 35 unaorukaruka. Picha ikaja, ikaganda, ikaja. Mama akasema, "Angalau tumeona rangi ya tai yake."

Nyuma ya TV ni mahali pabaya pa antena. TV yenyewe ina kelele za umeme zinazovuruga mawimbi, king'amuzi kina zake, na waya wa HDMI wa bei ya chini unavujisha za kwake. Juu ya hayo, bati la nyumba ni kama sufuria iliyofunikwa. Mawimbi yanaingia kupitia milango na madirisha. Nikatoka nje nikaangalia antena za majirani ambao wenye nyumba wao ni wema. Zote zilielekea upande mmoja, kupita kwenye minazi ya kiwanja cha jirani. Hiyo ndiyo dira yangu. Sikuhitaji programu yoyote ya simu. Niliangalia pia vijiti vyao vimelala au vimesimama, maana mnara mmoja unaweza kurusha mawimbi yaliyolala na mwingine yaliyosimama, na ukienda kinyume unapoteza sehemu kubwa. Nikaiga mkao wao.

Dirisha la sebuleni lilikuwa upande huo huo. Nikaweka antena juu ya kizingiti, katikati ya nondo, nikaanza kuisogeza. Wimbi la megahezi 500 lina urefu wa sentimita 60, kwa hiyo shibiri moja kulia au kushoto inaweza kukutoa kwenye neema hadi kwenye dhiki, kwa sababu mawimbi yaliyogonga bati na kuta yanakutana na yale yaliyokuja moja kwa moja. Unasogeza, unaondoa mkono, unarudi nyuma hatua mbili, unasubiri mstari utulie. Mwili wako nao ni kizuizi. Mwanangu wa miaka minne alikuwa akipita, ubora unashuka na namba nane. Nilipopata mahali pazuri nikachora alama ya penseli kwenye fremu: nguvu 74, ubora 80. Mchana mzima picha ilikuwa kama kioo.

Saa moja kasoro jioni ikaanza kuvunjika. Saa mbili, muziki wa taarifa ya habari unaanza, picha ikaganda mtangazaji akiwa amefumba macho. Kesho yake vivyo hivyo. Keshokutwa vivyo hivyo. Asubuhi nzima safi, magharibi ikiingia tu, matatizo.

Kila mtu alikuwa na nadharia. Mama alisema watu wamerudi nyumbani kutoka kazini, wote wanaangalia, mawimbi yanagawanywa. Nikamwambia mawimbi ya hewani si maji ya bomba. Hata watu laki moja wakiwasha TV, yangu hayapungui. Mimi nikalaumu umande. Fundi wa mtaani hakutaka nadharia, alisema, "Bosi, hapo weka busta." Nikaenda Kariakoo, nikanunua busta, nikaifunga kati ya antena na king'amuzi. Nguvu ikapanda hadi 98! Nilikuwa karibu kupiga vigelegele. Ubora ukashuka hadi 40 mchana, na jioni 5.

Hapo ndipo nilipoanza kuuheshimu mstari wa pili. Nguvu inahesabu kila kitu kinachoingia, mawimbi na kelele pamoja. Ubora ndio unaosema king'amuzi kinaelewa kiasi gani. Ni kama kuongea na mtu sokoni: ukiongeza sauti ya kipaza kinachobeba maneno yake pamoja na makelele ya soko zima, bado humsikii. Na tulio mjini, si mbali na minara, busta juu ya kikuza mawimbi kingine inalemea kabisa. Nikaitoa. Muuzaji hakukubali irudi.

Siku ya kumi na kitu ilinyesha mvua alasiri, ikakatika jua likiwa linazama. Wanaokaa huku wanajua kinachofuata. Kumbikumbi wakatoka ardhini kwa maelfu, wakavamia taa ya barazani, wakaanza kupenya dirishani na kuangukia kwenye mchuzi. Mke wangu akapiga kelele, "Zima taa ya nje!" Nikazima.

Mtangazaji akafumbua macho.

Nilisimama na mkono kwenye swichi. Nikawasha taa: vibokisi. Nikazima: safi. Nikawasha tena. "Baba Imani, utatuletea hao wadudu wote!" Lakini nilikuwa siwezi kuacha. Ile balbu ya LED, ya bei ya kutupa, ilikuwa upande wa pili wa dirisha, nusu mita kutoka kwenye antena niliyoiweka mahali pale kwa ufundi mkubwa. Ndani ya balbu za aina hiyo kuna kifaa kinachokatakata umeme kwa kasi kubwa, na kisipowekewa vichujio kinatoa kelele za redio pande zote. Taa inawashwa magharibi. Umande wangu ulikuwa huo.

Ili kuhakikisha nilichukua redio ndogo ya mama, nikaiweka kwenye masafa ya kati pasipo na stesheni, nikaisogeza karibu na balbu. Ikanguruma kama mashine ya kusaga. Kisha nikazunguka nayo nyumba nzima: balbu ya jikoni kimya, chaja moja ya simu iliyonunuliwa kwenye daladala inanguruma vibaya kuliko hata ile taa. Chaja ilikuwa kwenye ekstensheni moja na TV. Nikaichomoa hapo hapo.

Balbu mpya niliipima dukani kwa redio ile ile, muuzaji akinitazama kama mganga. Nilikataa mbili, nikachukua ya tatu. Jioni hiyo taa inawaka, nguvu 72, ubora 78, na mama ameketi ameshika kikombe, hasemi neno hadi utabiri wa hali ya hewa ulipofika Tanga.

Balbu ya zamani iko kwenye choo cha nje, mbali na antena. Busta bado ipo, kama kuna mtu anaihitaji.