Kitabu kimoja cha namba, kompyuta tano

Dereva wa masafa marefu ana laini tatu, wengine nne. Akiwa Dar es Salaam anapatikana kwa namba ya +255. Akishavuka Tunduma na kuingia Nakonde anaweka laini ya Zambia, +260. Akipita Kasumbalesa kuelekea Lubumbashi anawasha ya Kongo, +243. Ofisi ya uwakala wa forodha kama yetu hapa Kurasini inatakiwa kujua, saa hiyohiyo, ipi kati ya hizo inaita. Mteja anayepiga kuuliza kontena lake limefika wapi hana haja ya kuambiwa kwamba mwenye namba ya dereva ametoka kidogo, yuko bandari kavu.

Ndiyo maana nashikilia kwamba namba za kazi si mali ya simu ya mtu. Ni mali ya ofisi, kama ulivyo muhuri. Karani akihama, simu ikiibiwa kwenye daladala, kompyuta ikifa, namba zinapaswa kubaki pale zilipo na kila mwenye kazi nazo azione. Sisi tumelifanya hilo kwa mtandao wa ndani wa ofisi, bila kulipia huduma ya nje kila mwezi, na intaneti ikikatika kazi inaendelea. Nimeulizwa mara nyingi na wenzangu wa ofisi za jirani jinsi tulivyolipanga, kwa hiyo naliandika hapa lote.

Tuna kompyuta tano: mapokezi, mhasibu, wawili wa nyaraka, na kaka anayepanga safari za malori. Awali kila meza ilikuwa na kitabu chake. Nilipozikusanya namba zote na kuzipanga pamoja, dereva mmoja alitokea kwa majina manne: "Mzee wa Howo", "Kasumbalesa 2", "Dereva tela refu", na kwa mhasibu jina lake kamili la kwenye leseni, maana yeye ndiye anayemlipa posho. Mtu ni yuleyule, na kila meza ilikuwa na laini yake tofauti. Mapokezi walikuwa na ya Tanzania peke yake, kwa hiyo kwao alikuwa hapatikani kila alipovuka mpaka.

Ofisi nyingi hukimbilia kuweka faili la Excel kwenye folda ya pamoja. Mtu wa kwanza kulifungua ndiye anayeweza kuandika. Wengine wanaambiwa faili linatumika, walisome tu. Sasa dereva yuko kwenye simu anakutajia namba mpya, na mwenye faili ameenda kula na kuliacha wazi. Utafanya nini? Utalihifadhi kwa jina jingine, "namba mpya". Kesho kutwa kuna "namba mpya 2", na vitabu vimeshakuwa vingi tena, safari hii vyote ndani ya folda moja. Excel ina tatizo lake jingine pia: ukiiachia ichague yenyewe, namba inayoanza na sifuri inahesabiwa kama tarakimu za kawaida na sifuri inaondoka.

Wengine hutengeneza kwa Access, programu ya hifadhidata ya Microsoft, wakaigawa vipande viwili: majedwali yanakaa kwenye kompyuta kuu, fomu zinawekwa kwenye kila meza. Hiyo inafanya kazi, hasa mkiwa wachache na mtandao ni wa waya. Inachochukia ni mawasiliano kukatika katikati ya kuandika. Umeme ukizima swichi kwa sekunde chache wakati mtu anahifadhi, asubuhi unaweza kukuta faili linaomba kukarabatiwa. Kwa Wi-Fi ndiyo balaa zaidi. Wapo pia wanaochukua faili la SQLite, hifadhidata nyepesi inayokaa ndani ya faili moja, na kuliweka kwenye folda ya mtandao, jambo ambalo watengenezaji wa SQLite wenyewe wanalitahadharisha: kufuli la faili kupitia mtandao si la kutegemewa, na kompyuta mbili zinaweza kuandika kwa wakati mmoja, kila moja ikiamini kwamba ndiyo yenye zamu.

Ukitazama vizuri, shida ni moja kote. Kompyuta kadhaa zinatia mkono ndani ya faili moja kupitia waya. Inavyotakiwa ni programu moja ikae karibu na diski, ndiyo iguse data, na meza nyingine zote ziiombe. Hiyo ndiyo seva, na haihitaji mashine kubwa.

Kwa namba za watu upo utaratibu uliotungwa mahsusi, CardDAV, uliochapishwa kama kiwango cha intaneti Agosti 2011, katika waraka namba RFC 6352. Kabla yake kulikuwa na LDAP, utaratibu wa kusoma orodha ya watu kutoka kwenye seva, uliozaliwa Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1993, na ofisi kubwa bado zinautumia. Kwetu sisi haukufaa kwa sababu moja tu: Thunderbird, programu ya barua pepe tunayotumia mezani, inasoma LDAP lakini haiandiki. Sisi tunataka aliyepokea simu ndiye aandike namba mpya papo hapo.

Katika CardDAV kila mtu ni kadi inayojitegemea, faili dogo la maandishi lenye mwisho wa .vcf. Ukilifungua kwa Notepad unalisoma bila taabu: mstari wa kwanza BEGIN:VCARD, wa pili VERSION:3.0, kisha FN na jina kamili, kisha mistari ya TEL, mmoja kwa kila laini, hata zikiwa nne. Humo ndani kuna pia UID, utambulisho wa kadi ambao haubadiliki hata jina likibadilika. Hakuna uchawi wowote, na kwangu hilo ni jambo kubwa: programu zote zikifa leo, namba zangu bado nazisoma kwa macho.

Jambo lililonifanya niupende utaratibu huu ni namna unavyowazuia watu wawili wasifutiane kazi. Seva inaipa kila kadi alama, inaitwa ETag, na alama hiyo inabadilika kila yaliyomo kwenye kadi yanapobadilika. Tuseme mhasibu amefungua kadi ya dereva saa nne asubuhi. Dakika mbili baadaye kaka wa safari anaongeza laini ya Zambia kwenye kadi hiyohiyo na kuhifadhi. Mhasibu akija kuhifadhi ya kwake, kompyuta yake inaiambia seva: badilisha kadi hii iwapo alama bado ni ile niliyoichukua. Alama si ile tena. Seva inakataa kwa jibu namba 412, na laini ya Zambia inabaki salama. Kompyuta ya mhasibu inabidi ichukue kwanza kadi mpya. Na kama wawili hao wanashughulikia madereva tofauti hawakutani kabisa, kwa sababu kadi ni mbili.

Faida ya pili ni kwamba kila kompyuta inabaki na nakala yake. Seva ikizimika, namba zinaendelea kusomeka mezani kama zilivyokuwa mara ya mwisho kuoanishwa, yaani kulinganishwa na seva.

Seva yetu ni kompyuta ya mezani ya zamani ambayo haiwezi tena kubeba Windows mpya. Nimeweka mfumo endeshi wa Debian, na juu yake Radicale, programu huria ya seva ya CardDAV, iliyoandikwa kwa lugha ya Python. Iko kwenye waya, si Wi-Fi, na imechomekwa kwenye UPS, betri ya akiba, pamoja na swichi na rauta, kwa sababu seva inayowaka huku swichi imezimika haimsaidii mtu. Kwenye rauta nimeitengea anwani ya kudumu, 192.168.1.10, ili isibadilike umeme ukirudi. Radicale husikiliza kwenye mlango namba 5232, lakini ikitoka kiwandani inasikiliza maombi ya kompyuta yake yenyewe tu. Hapa ndipo wengi hukwama: ukiwa kwenye seva inafunguka vizuri, ukienda meza nyingine hakuna kitu, na watu wanaanza kulaumu waya. Ingia kwenye faili la mipangilio, sehemu ya server, mstari wa hosts, weka 0.0.0.0:5232, kisha hakikisha ukuta wa moto (firewall) unaruhusu mlango huo.

Mezani Thunderbird ina CardDAV ndani yake tangu toleo la 91 la mwaka 2021. Unaongeza kitabu kipya cha anwani, unabandika anwani kamili ya kitabu cha ofisi, unaingiza jina na nywila, basi. Wanaotumia Outlook wanahitaji kiongezi, kwa kuwa yenyewe haiongei CardDAV. Kwenye simu za Android tunatumia programu ya DAVx5. Simu inaoanisha ikiwa kwenye Wi-Fi ya ofisi, kisha karani anaenda nayo bandarini akiwa na namba zote.

Kila mfanyakazi ana akaunti yake. Usiwape watu wote akaunti moja inayoitwa "ofisi", hata kama ni rahisi kuipanga. Radicale ina faili la haki linalokuwezesha kusema nani anasoma na nani anaandika, na kwa kuwa inahifadhi kadi kama mafaili ya kawaida ndani ya folda, unaweza kuiunganisha na Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili, ili kila badiliko liandikwe pamoja na jina la aliyelifanya. Maelekezo yapo kwenye nyaraka zake, ni mstari mmoja wa amri. Tangu hapo swali la "nani amefuta namba ya wakala wa Nakonde?" lina jibu lenye jina, tarehe na saa, na kadi iliyofutwa inarudishwa. Kila usiku folda nzima inanakiliwa kwenye diski ya nje, na Ijumaa nakala moja inaondoka ofisini.

Hiyo yote ni mitambo. Kazi yenyewe, ile inayokula muda, ni watu kukubaliana jinsi ya kuandika. Tuliketi pamoja tukakubaliana. Jina linaandikwa kama lilivyo kwenye leseni. Jina la utani lina sehemu yake kwenye kadi, NICKNAME, kwa hiyo ukitafuta "Mzee wa Howo" bado unampata. Namba za gari zinakaa kwenye maelezo wala haziingii kwenye jina, maana leo dereva yuko kwenye kichwa hiki na mwezi ujao kwenye kingine. Na namba ya simu inaanza daima na alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi, bila sifuri ya mbele. Hili la mwisho sikubali lilegezwe. Kwa ofisi ya ndani ya nchi 07 inatosha. Kwetu, namba inayoanza na 09 inaweza kuwa ya Zambia na inaweza kuwa ya Kongo, na hakuna anayeweza kujua kwa kuitazama tu. Ukiandika +260 au +243, mtu yeyote anapiga kutoka popote bila kuuliza.

Ukihamisha namba kutoka kwenye simu, angalia pia toleo la kadi. Simu nyingi za Android bado zinatoa toleo la 2.1, la mwaka 1996, ambalo herufi zenye alama huzificha kwa namna ya zamani. Wateja wetu wa Lubumbashi wana majina ya Kifaransa, na programu isiyoelewa namna hiyo inakuonyesha D=C3=A9sir=C3=A9 mahali pa Désiré. Mimi nazipitisha kwanza Thunderbird, nakagua, ndipo naziingiza kwenye kitabu cha pamoja. Kumwandikia mteja barua yenye jina lililovurugika ni kumkosea heshima.

Kuna la sheria pia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Jina na namba ya dereva ni taarifa binafsi. Kwa hiyo mlango wa 5232 haujafunguliwa kuelekea intaneti, nywila zimehifadhiwa kwa bcrypt, namna ya kuzifumba zisisomeke, na mfanyakazi akiondoka akaunti yake inafungwa siku hiyohiyo na kitabu kinatolewa kwenye simu yake kabla hajakabidhi. Watoto wa utingo, wake wa madereva, namba za dharura, vyote vimo humo. Wametuamini navyo.

Tunaye pia mwenzetu Tunduma, kwenye kijiofisi cha mpakani. Yeye anaingia kwa WireGuard, njia ya faragha inayopita juu ya intaneti, kwa hiyo laptopu yake inaiona 192.168.1.10 kana kwamba yuko chumba cha pili. Yeye ndiye wa kwanza kupewa laini mpya za Zambia, pale madereva wanaposubiri nyaraka zao. Akiandika pale, Thunderbird za Kurasini zinaichukua kwenye mzunguko unaofuata wa kuoanisha, ambao nimeuweka kila dakika 15. Anayetaka nakala ya mipangilio yetu ya Radicale, ikiwa imeondolewa nywila na majina, aniandikie nitamtumia.