Kukamata Mali na Kutaifisha Mali

Kiingereza kina maneno mawili, "seize" (kukamata) na "confiscate" (kutaifisha), ambayo kamusi ndogo huyaeleza kana kwamba lolote laweza kukaa mahali pa mwenzake. Hapa Mombasa, ambapo familia nyingi zinaishi kwa mizigo inayopita bandari ya Kilindini, kuyachanganya kunaweza kumpotezea mtu haki yake.

La kwanza lataja kitendo cha kushika. Waasi huweza kukamata mji, mwizi mkoba, afisa wa forodha kontena, na neno hilo halisemi lolote kuhusu nani mwenye mali. La pili halimfai mwasi wala mwizi, kwa kuwa linadai mamlaka na kosa: mwenye madaraka anamnyang'anya mtu kitu kwa sababu ya kanuni iliyovunjwa. Katika mazungumzo ya kawaida hutumika hata kwa mwalimu anayechukua simu ya mwanafunzi na kuirudisha muhula unapofungwa, lakini katika sheria uzito wake ni kwamba umiliki wenyewe umehama. Asili yake ni Kilatini "fiscus", ambalo kwanza lilikuwa kikapu cha fedha, kisha likawa hazina ya kaisari wa Roma. Kwa hiyo kitu kilichofikwa na tendo hilo kimeingia hazinani.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2004, huiita hatua ya mwisho, ile ya umiliki kuhama, kwa neno la tatu, "forfeiture", ila mpaka ni ule ule. Bidhaa zikikamatwa bila mwenyewe kuwepo, afisa hutakiwa kumpa taarifa ya maandishi yenye sababu ndani ya mwezi mmoja, naye mwenyewe ana mwezi mmoja wa kuzidai kwa maandishi. Asipodai, zinahesabiwa kuwa zimekwenda. Mtu anayesoma kwamba mzigo wake "umetaifishwa", ilhali umekamatwa tu, ataona hakuna la kufanya, na atakaa kimya katika siku zile zile alizopewa aseme. Jambo hili hunisikitisha kila ninapoliona katika habari na barua.

Kiswahili hakikosi maneno. Kukamata, kunasa na kuzuilia hutosha kwa hatua ya kwanza. Kutaifisha kunahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu neno hilo hilo tunalitumia kwa serikali kuchukua njia za uchumi, kama Tanzania ilivyofanya kwa mabenki mwaka 1967, na huko wenyewe huweza kulipwa fidia, jambo ambalo mtu aliyenyang'anywa mali kwa kosa halitarajii. Mimi ningelitenga kwa mali ambayo haki yake imekwisha kuhama, na ningewaomba mawakala wa forodha wanaowaandikia wateja waseme wazi: mzigo umekamatwa, sababu ni hii, na mwisho wa kuudai ni tarehe fulani.