Siku moja maishani mwangu: saa 12, saa 8, saa 4

Saa 11:30 alfajiri

Chini ya mto wangu kuna vipande viwili vya kitambaa, kimoja pamba, kingine satini. Kabla sijawasha taa navisugua kwa ncha za vidole na kubahatisha kipi ni kipi. Jirani akiniona ataniita mchawi. Ni hivi: dawa ninayomeza huweza kuwaletea baadhi ya watu ganzi mikononi na miguuni, na mimi vidole ndivyo vinavyonilisha. Daktari hunipima neva kila baada ya miezi 6 nikienda Kampala. Hiki cha vitambaa nimejibunia mwenyewe. Leo nimepatia vyote viwili, kulia na kushoto.

Saa 12:00 asubuhi

Kapsuli ya kwanza, nzima, na glasi ya maji. Siitafuni wala siifungui.

Mimi ni fundi cherehani hapa Busia, upande wa Uganda, na nina ugonjwa wa Gaucher. Tamka "goshe", ni jina la daktari Mfaransa aliyeueleza mwaka 1882. Nilizaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachovunja aina fulani ya mafuta mwilini. Mafuta hayo yakikosa wa kuyavunja hujazana kwenye bandama, ini na uboho wa mifupa. Miaka mingi nilikuwa na tumbo lililotuna upande wa kushoto, damu puani bila sababu, na uchovu wa kunifanya nilale juu ya meza ya kukatia. Kila nilikokwenda niliambiwa malaria, au selimundu. Siwalaumu sana, maana huku kwetu bandama kubwa mara nyingi ni hayo hayo. Mpaka daktari mmoja akaagiza damu yangu idondoshwe kwenye karatasi maalumu, ikaushwe, ipelekwe nje ya nchi ikapimwe kimeng'enya.

Dawa inaitwa miglustati. Hairudishi kimeng'enya, inapunguza utengenezaji wa yale mafuta. Fundi anaelewa haraka: kama mashine ni moja na kazi zinarundikana, na mashine ya pili huna, basi punguza oda unazopokea.

Ni kapsuli moja ya miligramu 100, mara tatu kwa siku, na hapo ndipo nilipoharibu mwanzoni. Lebo niliyoandikiwa ilisema hivi tu: 6 – 2 – 10. Aliyeandika alihesabu saa kwa Kizungu. Mimi nahesabu kama mama alivyonifundisha, na kama majirani zangu Waganda wanavyohesabu: saa 2 ni asubuhi watu wakifungua maduka, saa 6 jua la utosi, saa 10 jua likianza kupoa. Nikameza hivyo. Kapsuli tatu ndani ya saa nane, kisha saa kumi na sita bila kitu. Wiki nzima!

Aliyenigundua ni nesi, kwa simu, nilipompigia kulalamika juu ya tumbo.

"Ya mwisho unameza kabla ya kulala, siyo?"

"Hapana dada, ya mwisho nameza kabla sijafunga duka."

Akanyamaza. Kisha akaniambia nitafute kalamu. Tangu hapo, yeyote anayeniandikia dawa, hata ya mafua, namwomba aongeze neno: asubuhi, mchana, usiku. Wengine hununa. Wanune tu.

Saa 1:30 asubuhi

Chai mukalu, kama tunavyoiita huku chai isiyo na maziwa, na haina sukari pia. Yai, kipande cha parachichi, nusu chapati. Mume wangu na mwanetu wanakunywa chai ya maziwa iliyokolea sukari, na harufu yake inanitesa hadi leo.

Miglustati huvizuia pia vimeng'enya vya utumbo vinavyosaga sukari. Sukari isiyosagwa ikishuka chini inachacha, tumbo linaunguruma, linajaa upepo, linaendesha. Majuma ya kwanza nilikuwa natumia pesa nyingi kwenye choo cha sokoni kuliko kwenye uzi. Daktari akaniambia nipunguze maziwa, sukari na vitu vitamu, nimeze dawa katikati ya mlo na mlo, na akaniruhusu loperamidi, dawa ya kuzuia kuhara, kwa siku zile mbaya kabisa. Tumbo likatulia polepole. Sasa naweza kula vipande viwili vya nanasi bila kujuta. Vitatu, hapana.

Saa 2:15 asubuhi

Nafungua duka. Ni mwisho wa Januari, shule zinafunguliwa Februari, na nina sketi 60 za marinda za shule moja ya msingi. Binti ninayemfundisha ameshafika na anapanga vitambaa.

Dawa haikai hapa. Karatasi yake inasema isizidi nyuzijoto 30, na chini ya mabati haya saa saba mchana hata chaki ya fundi inalainika (natia chumvi, lakini kidogo tu). Paketi iko nyumbani, ndani ya kabati, juu ambako mtoto hafiki. Ninayokuja nayo ni moja tu ya mchana, nimeikata pamoja na kipande cha ubao wake wa plastiki. Zamani nilikuwa naitoa kabisa na kuitia kwenye kopo la vifungo. Siku moja binti akaniuliza, "Anti, hiki kifungo cheupe kirefu ni cha nguo gani?" Nikaacha siku hiyo hiyo.

Saa 4:00 asubuhi

Marinda, marinda, marinda. Mguu kwenye kanyagio, kichwa kimeinama.

Mwezi wa kwanza wa dawa mikono ilianza kutetemeka. Siyo sana, mtu wa kazi nyingine angeweza asijue. Lakini mimi kutunga uzi kwenye tundu la sindano kulinichukua dakika tatu, binti akijifanya haoni. Nilitaka kuacha dawa palepale. Bahati nzuri nilikuwa nimeambiwa mapema kwamba kutetemeka ni jambo linalojulikana na dawa hii, kwamba aghalabu huja mwanzoni na kuisha baada ya mwezi mmoja hadi mitatu. Nikapiga simu badala ya kuacha. Daktari akanipunguzia dozi kwa muda, kisha akanirudisha taratibu. Binti ndiye aliyekuwa anatunga uzi kipindi hicho, mimi nakata tu.

Saa 5:20 asubuhi

Nyonga ya kushoto inauma. Ni mifupa, ni sehemu ya ugonjwa huu. Mama muuza mitumba wa jirani, mwenye moyo mzuri kuliko duka zima la dawa, ananiletea kidonge cha diklofenaki, dawa ya maumivu, kilichofungwa kwenye karatasi. Namshukuru, nakipokea, simezi. Chembe za kugandisha damu kwangu ni chache. Dawa za namna hiyo, na aspirini, zinaweza kunifanya nitoke damu. Nina parasetamoli yangu. Nikipata homa pia simezi dawa ya malaria kwa kubahatisha. Napimwa kwanza, na anayenitibu namwonyesha kadi iliyo kwenye pochi yangu yenye jina la ugonjwa na la dawa. Wengi hawajawahi kulisikia. Basi walisome.

Saa 6:30 mchana

Zipu zimekwisha. Navuka mpaka kwenda Busia ya pili, ya Kenya, ambako duka moja huniuzia kwa bei ya kuzoeana. Ni kwenda na kurudi, naambia binti. Naweka mkono tumboni kila ninapopita kwenye msongamano wa malori, boda na mikokoteni. Bandama kubwa haitaki kugongwa na usukani wa pikipiki.

Mwenye duka amekwenda kuswali, kisha kula, kisha sijui wapi. Simu inalia saa 8:00, ule mlio niliouweka uwe wa kuudhi makusudi. Nafungua pochi. Kadi ipo, pesa ipo, kipande cha dawa hakipo. Kiko kwenye mfuko wa aproni, na aproni iko kwenye msumari dukani kwangu.

Saa 11:00 jioni

Narudi na zipu, jasho na hasira. Kipande kiko pale pale, kapsuli nyeupe inanitazama.

Hapa ndipo akili ya mtu hucheza. Sauti moja inasema: meza sasa, saa 4 usiku meza nyingine, deni limelipwa. Nyingine inasema: meza mbili pamoja usiku. Fundi hapendi deni, ukichelewesha nguo unakesha. Lakini dawa hii haidai hivyo. Nilivyoelekezwa ni kwamba dozi iliyopita imepita. Ninasubiri inayofuata kwa saa yake, na sirundiki. Kapsuli moja iliyokosekana leo haitaivimbisha bandama kesho. Mbili kwa pamoja zinaweza kunirudisha kwenye choo cha sokoni.

Nikairudisha kapsuli kwenye pochi. Binti akaniuliza mbona simezi. Nikamweleza, akatikisa kichwa kama mwalimu mkuu. "Basi kesho mimi ndiye nitakayekupekua ukitoka." Nimekubali.

Saa 1:00 usiku

Mama mkwe amekuja na samaki kutoka ziwani, na swali lake: mtoto wa pili lini? Namjibu kwamba Mungu anajua, na Mungu kweli anajua, lakini mimi na mume wangu na daktari tunajua pia. Dawa hii haitumiki kwa mwenye mimba wala anayenyonyesha. Tunatumia njia ya uzazi wa mpango, na tukiamua kutafuta mtoto, tutazungumza na daktari kabla. Hata wanaume wanaoitumia hushauriwa wazuie mimba, na waendelee kuzuia miezi 3 baada ya kuiacha. Yote haya mama hayajui. Anajua tu kwamba nina "shida ya damu".

Kuhusu mtoto tuliyenaye, nilimzaa kabla sijajua ninaumwa nini. Ugonjwa huu hurithiwa kutoka pande zote mbili. Yeye amebeba nusu yangu, hilo halina shaka. Ili augue ingebidi baba yake naye awe amebeba. Nilikaa na hofu hiyo miezi mingi hadi alipopimwa. Haumwi.

Tunakula samaki, sukuma, na ugali kidogo upande wangu. Mama mkwe ananikumbusha Ramadhani inakaribia. Nilishamuuliza shehe wetu: dawa ya mara tatu kwa siku, maisha yote, siwezi kufunga. Akaniambia nilishe maskini kwa kila siku nisiyofunga. Nashonea fidia yangu, ndivyo ninavyosema, kwa sababu pesa yake hutoka kwenye vifuko vya mito ninavyoshona kwa vitambaa vilivyobaki.

Saa 4:00 usiku

Kapsuli moja. Moja tu. Naandika kwenye daftari: asubuhi alama, mchana duara tupu, usiku alama. Chini naongeza "zipu", ili daktari akiuliza nikumbuke. Daftari hili analisoma kuliko anavyonisikiliza, na si vibaya. Nikiwa mbele yake husahau nusu. Pamoja na mengine hupima vitamini B12, figo, na zile chembe za damu, ambazo zimepanda tangu nianze.

Paketi yangu ina kapsuli 84, mbao nne za 21, kila ubao wiki moja. Huu wa sasa ulitakiwa uishe Ijumaa usiku. Jumamosi asubuhi itabaki moja, na nitaanza nayo.