Siku yangu moja na waitibodi ya ofisi, hapa Malindi

Watu wakiskia nafanya usafi ofisini huwaza mopu na choo, basi. Hakuna anaeiwaza ile waitibodi ya chumba cha mikutano, manake kila wakiingia asubuhi waikuta nyeupe, labda wadhani yajifuta yenyewe usiku. Sasa leo nawaeleza habari ya bodi, sakafu mtanisamehe.

Saa kumi na moja nishaamka nishaswali, mahamri na chai ya rangi, natoka Maweni kwa miguu manake tuktuk saa hizo zataka bei ya mgeni. Saa kumi na mbili nafungua. Vyoo, sakafu, vikapu vya taka, vumbi la meza, kwisha, hayo hayana hadithi.

Saa moja na kitu ndio naingia kwa bodi. Tunazo mbili. Ya kwa bosi ni ya chuma iliopakwa enameli, sumaku yanata, ile haina neno, wapitisha kitambaa na wino watoka wote. Ya chumba cha mikutano ndio mtihani. Ni melamini, ile ya bei rahisi, ukiigusa ni laini lakini ina vitundu vidogo vidogo visivyoonekana, na kadri inavyochakaa ndivyo wino unavyozama humo ukabaki vivuli vya kijivu. Ukisimama upande wa dirishani jua likiingia wausoma mkutano wa mwaka jana.

Naanza na dasta kavu, toka juu nashuka chini ili ule unga wa wino usidondokee nilipokwisha pita, alafu kitambaa cha maikrofaiba kilicholoa kidogo tu, alafu kikavu. Maji ni ya mfereji, yale ya Baricho, sio ya kisima cha uani, kile kisima ni cha chumvi, ukipangusia maji yake yakikauka bodi yote yabaki michirizi myeupe utadhani umeipaka chokaa. Fremu naikausha mpaka pembeni manake hewa ya bahari peke yake ishazila skrubu za chini, nikiongeza na maji itaanguka mtu akiwa katikati ya hotuba. Dasta nayo hufuliwa, ikijaa unga haifuti tena, yapaka. Na maka pen nazilaza, sizisimamishi ndani ya kikombe, zikisimama ncha juu rangi yote yashuka chini, mtu aandika haitoki, atupa, aenda stoo kuchukua nyingine, alafu mwisho wa mwezi twaulizwa vitu vyaenda wapi.

Kabla sijafuta husoma. Sio umbea, lazima nijue cha kufuta na cha kuacha. Lakini ndio hivyo, mradi unaokwisha naujua kabla ya wanaoufanyia kazi, nani ataka kuhamishwa naujua, na sijawahi kumwambia mtu, hata dadangu. Ikiwa nina shaka nauliza mumeshaipiga picha hii? Wote wangalia simu zao. Basi naacha mpaka jioni.

Saa tatu hivi ndio yakaanza. Kulikuwa na wageni wa kutoka Mombasa, wafadhili, waingie saa nne. Kuna afisa mmoja hapo, bwana mmoja wa bara, mavazi safi, akaingia mbio na maka pen alioitoa stoo, ile tunayoandikia katoni, akaanza kuandika ajenda. Harufu tu nkaijua. Nkamwambia bwana, hiyo ni pamanenti, ni ya katoni hiyo. Akasema madam, wacha nimalize, niko na haraka. Haya. Nkasimama na ndoo yangu. Akaandika vizuri tu, herufi kubwa, mishale, bajeti, alafu akaona jumla yake haiingiani, akachukua dasta. Wapi. Akatumia kiganja. Akatumia tishu na mate, wallahi. Alafu akageuka akaniangalia mimi, kama mie ndie niliyeandika, "si utoe hii kitu na Jik?"

Hapo sasa ofisi nzima ikageuka mafundi. Mmoja asema stilwuli, mwengine asema kuna fundi wa rangi nyumba ya pili ana thina, mwengine yuasoma kwa simu kwa sauti kubwa. Nkakataa vyote. Stilwuli itatoa, ndio, na itatoa na uso wa bodi pia, na kila mkwaruzo ni mfereji wa wino mpya, kuanzia hapo haitakatika doa tena maisha. Thina yaula huo uso ukafifia. Bosi akachungulia mlangoni, saa tatu na nusu, akasema fanyeni kitu, akarudi zake.

Dawa yake yajulikana na wafuta bodi wote. Wino wa maka ya kawaida ya bodi una kimafuta ndani kinachouzuia usishike ubao, ndio maana wafutika, ule wa pamanenti una gundi. Kwa hivyo wachukua maka ya kawaida, wapita nayo juu ya ile herufi, ule wino mbichi wayeyusha wa chini, wafuta hapo hapo kabla haujakauka. Herufi moja moja. Yule bwana akanishika mkono, "unaandika tena juu?" Nkamwambia bwana, subiri. Ikatoka A ya Ajenda. Akanyamaza. Kufika kwa bajeti maka ikakauka, nyingine mtu aliiacha wazi usiku chini ya feni, ya tatu ndo imekwisha kabisa. Bado nusu ubao.

Nikataka spiriti. Mhasibu asema leta kwanza risiti. Risiti ya kitu sijanunua? Nkatoa pesa yangu, nkakimbia duka la dawa na hili jua la kaskazi, nkarudi jasho limenishona buibui mgongoni. Kulikuwa na sanitaiza ya tangu siku za korona, ya jeli, ile pia yang'oa lakini yaacha unato. Nkasugua kwa spiriti kidogo kidogo, dirisha wazi, kichwa chazunguka, alafu maji ya sabuni, alafu maji matupu, alafu kikavu.

Kilichotuokoa ni Vasco da Gama. Wageni walipitishwa kwenye ile nguzo yake kupiga picha, kutia nanga kwake hapa 1498 kukanipa kama nusu saa. Wakaingia, mmoja akasema ofisi yenu safi sana, na yule bwana akajibu, "tunajitahidi." Nilikuwa nyuma ya mlango na ndoo.

Baada ya hapo sijui tena saa. Nilikula wali baridi nimesimama, chai ya wageni nikapeleka, vikombe nikaosha, mkono wa kulia haupandi juu ya bega. Mkutano ukaisha bodi imejaa mpaka fremu, rangi nne, nkauliza mumepiga picha? Kimya. Nkapiga mimi kwa simu yangu, alafu nkafuta. Ilipofika magharibi yule bwana akanipigia, aitaka hiyo picha, na sauti tamu kweli.

Pesa yangu ya spiriti nilimpelekea mhasibu risiti kabla ya kufunga. Akaiangalia juu chini, akasema haina muhuri, niandike barua. Nkamuuliza niiandike kwa karatasi ama ubaoni na ile maka ya katoni. Akacheka mpaka akatoa machozi. Pesa mpaka sahii sijaiona.