Kansela na wakuu wa majimbo 16 ya Ujerumani
Kansela, mkuu wa serikali, huchaguliwa na Bundestag (Bunge la Ujerumani) kwa kura ya siri, na duru ya kwanza inadai zaidi ya nusu ya wabunge wote, si ya waliohudhuria tu. Hapo ndipo Friedrich Merz alipokwama Mei 2025: kura 310, akihitaji 316. Siku ileile, duru ya pili, akapata 325. Kumng'oa kansela ni kugumu zaidi, maana Bunge lazima limchague mrithi kwa kura hiyohiyo. Limefaulu mara moja tu, 1982.

Wakuu wa majimbo (Berlin, Hamburg na Bremen huwaita mameya) hutamba zaidi kwenye Bundesrat, baraza la majimbo linalopigia kura sheria. Kila jimbo lina kura 3 hadi 6, zipigwe kwa msimamo mmoja. Mwaka 2002, kwenye kura ya sheria ya uhamiaji, jimbo la Brandenburg lilijibu ndiyo na hapana, likahesabiwa ndiyo. Kwa sababu hiyo Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria nzima.